Maswali ya Wasomaji: Viraka vya maonyo ya kompaila viingie toleo imara, au visubiri?

Barua za safari hii zimetoka Arusha na Moshi, na karibu zote zinagusa jambo moja: maonyo ya kompaila (programu inayogeuza kodi iliyoandikwa na mtu kuwa kodi ya mashine) kwenye programu ambayo tayari iko mikononi mwa wateja. Tunaanza na iliyobeba mzigo mkubwa.

SWALI: Wahariri, habari za kazi. Tuna programu ya C inayosoma mizani ya kidijitali kwenye maghala ya vyama vya ushirika, upande wa Moshi na Meru. Toleo 2.4 ndilo lililo kwa wateja. Tunalitolea viraka (marekebisho madogo) tu, kazi mpya zote zinaingia 3.0. Kijana wetu mmoja kabadilisha laptopu, kaweka kompaila mpya, na 2.4 ikaanza kumwaga maonyo ambayo zamani hayakuwepo. Ameyarekebisha yote na anataka yaingie 2.4.7. Anasema hayana madhara, ni usafi tu. Mimi nasita. Nani yuko sahihi?
Msomaji, Njiro, Arusha

JIBU: Unasita kwa haki, ndugu yetu, ila usikatae kwa jumla na yeye asipeleke kwa jumla. Rekebisho la onyo liende tawi kuu kwanza, yaani 3.0 kwenu, na lisirudishwe 2.4 mpaka mtu aonyeshe ni la aina gani. Kusema "halina madhara" hakutoshi. Kama kweli halina madhara, karani wa ghala kule Machame hapati chochote kwa kulipokea leo, zaidi ya kumaliza bando kupakua faili jipya na kusimamisha mizani foleni ikiwa nje. Kama lina madhara, basi hiyo ni hitilafu: iandikwe hitilafu, ijaribiwe kama hitilafu, na mteja aambiwe.

Tuchukue onyo moja tulione kwa karibu, lile la -Wsign-compare linalolalamika kwamba unalinganisha namba yenye alama (inayoweza kuwa chini ya sifuri) na isiyo na alama. Kwenye C linakuja na bendera (chaguo unalopa kompaila) ya -Wextra, kwenye C++ linakuja na -Wall. Katika programu za mizani mistari ya namna hii ni ya kawaida kabisa:

ssize_t n = read(fd, buf, sizeof buf);
if (n < sizeof buf) return NUSU;

read ikishindwa inarudisha -1. Kama mlango wa siriali umefunguliwa kwa O_NONBLOCK (yaani bila kusubiri data), inatosha mizani isiwe na cha kutuma kwa wakati huo: unapata -1 na EAGAIN ("jaribu tena"). Sasa, sizeof, yaani ukubwa wa buf, haina alama, kwa hiyo kompaila inaigeuza ile -1 kuwa namba kubwa kuliko zote za aina hiyo, 18446744073709551615 kwenye mashine ya biti 64. Sharti linakuwa si kweli, programu inasonga mbele na buf ikiwa bado na yaliyosomwa mara iliyopita. Gunia linalofuata linaandikiwa uzito wa gunia lililotangulia. Programu haianguki, ujumbe wa kosa hautoki, na atakayepunjwa ni mkulima au chama.

Mwenye haraka atarekebisha hivi: if ((size_t)n < sizeof buf). Onyo linanyamaza. Kodi ya mashine haibadiliki, maana mgeuzo uleule uliokuwa ukifanywa kimyakimya sasa umeandikwa waziwazi. Hitilafu imebaki palepale, na aliyekuwa akiipigia kelele amezibwa mdomo. Mwingine atabadilisha aina ya n iwe size_t. Huyo ataua pia kila if (n < 0) iliyo chini yake, kwa sababu namba isiyo na alama haiwi chini ya sifuri kamwe. Kiraka sahihi ni cha mistari miwili:

if (n < 0) return KOSA;
if ((size_t)n < sizeof buf) return NUSU;

Hiki kinaingia 2.4.7, tena bila kuchelewa, lakini hakiingii kwa jina la usafi wa maonyo. Kwenye orodha ya mabadiliko andikeni dalili anayoiona mteja: uzito uliorudiwa. Kwa hiyo kazi ya kwanza ya kijana wako ni kupitia maonyo yake moja moja na kueleza, kwa kila moja, thamani gani ingetokea na nani angeiona. Ni kazi ya kuchosha, na akiikwepa ndipo viraka vibaya vinapopenya.

Ana hoja moja nzito ambayo haifai kupuuzwa. Kompaila ikitoa maonyo hamsini kila siku, la hamsini na moja halionwi na mtu, na huenda ndilo lenye hitilafu ya kweli. Kuna na ya pili, nyepesi kidogo: tawi imara likikaa mbali sana na tawi kuu, kila kiraka cha usalama kinachorudishwa kinagongana na mistari iliyokwisha kubadilishwa. Lakini hoja zote mbili ni za starehe ya anayetengeneza programu, na dawa zake zipo bila kumgusa mteja. 2.4 ikompailiwe na kompaila iliyotokea nayo. Kama mlijenga juu ya mfumo wa Debian 12, basi kompaila ni GCC 12.2, ndani ya chroot (mfumo mdogo uliotengwa ndani ya kompyuta) iliyotengenezwa kwa debootstrap au ndani ya kontena. Laptopu mpya ya mtu si sababu ya kumpelekea mteja kitu. Maonyo mapya ambayo mmekwisha kuyachunguza na kuona ni kelele, yazimeni kwa jina kwenye Makefile (faili la maagizo ya kukompaili) ya 2.4, kila moja na -Wno- yake. Msizime kwa -w, maana hiyo inazima yote, hata la kesho.

Kerneli (kiini) ya Linux, ambayo matawi yake imara yana utaratibu rasmi tangu 2005, ni mfano mzuri wa jinsi kanuni na vitendo vinavyoishi pamoja. Kanuni zake zinataka kiraka kiwe tayari kimeingia tawi kuu, kiwe sahihi kwa wazi na kimejaribiwa, kisizidi mistari 100 pamoja na ile ya kukizunguka, na kirekebishe hitilafu ya kweli inayosumbua watu. Kushindwa kukompaili kumetajwa kama sababu halali. Viraka vidogovidogo visivyomfaidi mtumiaji, kama kusahihisha tahajia au kupanga nafasi, vimekataliwa kwa jina. Hata hivyo marekebisho ya maonyo huingia humo mara kwa mara, kwa sababu tawi linalokompailika kimya linafichua onyo jipya papo hapo. Tofauti ni kwamba wale wana mashine nyingi zinazokompaili na kuwasha kila toleo la majaribio kabla halijatoka. Nyie mkiwa na watu watatu na mizani moja ya majaribio mezani, msiige mlango wao bila kuwa na walinzi wao.

Uamuzi wa 2.4.7, basi. Yenye hitilafu ya kweli yaingie, kila moja kiraka chake, kwa git cherry-pick -x (amri ya kunakili badiliko kutoka tawi jingine) ili alama ya badiliko la asili ibaki kwenye maelezo. Yasiyobadilisha kodi ya mashine yanaweza kupanda gari lililokuwa linaondoka vyovyote vile, ikiwa yanarahisisha kurudisha viraka vingine. Msitoe toleo kwa ajili yake peke yake. Yaliyobaki, ambayo yanabadilisha kodi ya mashine lakini hakuna anayeweza kutaja hitilafu yanayoiondoa, yangoje 3.0. Hayo ndiyo ya kuogopa kuliko yote.

SWALI: Nitathibitishaje kwamba kiraka cha onyo hakibadilishi kitu? Tunatoa programu kwa kompyuta za kawaida na kwa Raspberry Pi.
Fundi programu, Majengo, Moshi

JIBU: Kwa kulinganisha faili za .o (matokeo ya kukompaili kila faili la kodi) za kabla na za baada. Andaa saraka mbili kwa git worktree, moja ikiwa kwenye lebo ya toleo lililotoka, nyingine ikiwa na kiraka kimoja tu juu yake. Zikompaili zote kwa kompaila ileile na bendera zilezile za toleo, -O2 ikibaki -O2, ila ondoa -g (taarifa za kutafutia hitilafu) kwa sababu namba za mistari zitahama na kukuletea tofauti za uongo. Ongeza -ffile-prefix-map=$PWD=. ili njia ya saraka isiingie kupitia __FILE__. Kama kodi ina __DATE__ au __TIME__, weka SOURCE_DATE_EPOCH yenye thamani moja pande zote. GCC inaiheshimu tangu 7. Kama mnatumia -flto, izime kwa jaribio hili, maana faili za .o zinakuwa na umbo la ndani la kompaila badala ya kodi ya mashine.

Kisha zilinganishe kwa cmp, faili kwa faili. Zikifanana, umemaliza. Zikitofautiana, toa objdump -d --no-show-raw-insn (inaonyesha maagizo ya mashine) kwa kila upande na uzipitishe diff. Tofauti ya kwanza ya kushuku ni assert (ukaguzi ulioandikwa ndani ya kodi): inabeba __LINE__, kwa hiyo kuongeza mstari mmoja juu yake kunabadilisha namba ndani ya kodi. Hiyo ni tofauti unayoweza kuieleza. Nyingine zote zieleze moja moja, au kiraka kirudi tawi kuu.

Usiishie kwenye maagizo ya mashine. Kiraka kilichobadilisha "%d" kuwa "%ld" ndani ya printf hakionekani kabisa kwenye objdump -d, kwa sababu kilichobadilika ni maandishi, yako kwenye .rodata.str1.1 au jirani yake, na utayaona kwa objdump -s.

Na rudia yote kwa kila aina ya mashine mnayoitolea. Hapa ndipo wengi wanateleza. Mfano ulio hai ni printf("%ld kg=%d", t, kg) ambapo t ni time_t, aina ya kuhifadhi saa na tarehe. Kwenye amd64 (kompyuta za kawaida za biti 64), long ina biti 64 na time_t nayo vilevile, kimya. Kwenye Raspberry Pi yenye mfumo wa biti 32, long ina biti 32, na Debian 13 imeifanya time_t ya armhf (mashine hizo za biti 32) kuwa ya biti 64. Onyo la -Wformat linalotokea hapo si kelele: printf inachukua vipande visivyo vyake, na uzito unaochapwa baada ya tarehe unakuwa takataka. Tumia %lld na uigeuze t kuwa (long long). Kiraka hicho hicho kwenye amd64 ni usafi, kwenye armhf ni hitilafu inayostahili toleo.

Jaribio hili lina mpaka wake. Kodi ya mashine isiyobadilika inathibitisha hujaharibu. Haithibitishi kwamba kulikuwa kuzima. Yule (size_t)n wa barua ya kwanza angepita cmp bila mkwaruzo.

SWALI: Shikamooni. Programu yetu ya chanzo huria tuliitoa ikiwa na -Werror (inayogeuza kila onyo kuwa kosa) ndani ya Makefile. Mtumiaji amehamia Debian 13, akajaribu kukompaili toleo letu imara, likagoma. Tutoe toleo jipya lenye marekebisho ya maonyo yote?
Mwanafunzi, Tengeru

JIBU: Marahaba. Toeni toleo jipya, lakini kiraka chake ni neno moja: ondoeni -Werror kwenye Makefile inayosafiri na toleo. Bendera hiyo inafaa kwenye mashine zenu za majaribio, ambako mnajua ni kompaila gani inatumika. Ikisafiri, kila kompaila itakayotoka baadaye inakuwa na uwezo wa kuvunja programu ambayo hamjaigusa. Hata kerneli ya Linux ilionja hili: mwaka 2021 mwanzilishi wake, Linus Torvalds, aliiwasha kwa wote, na baada ya siku chache akaibana iwake yenyewe kwa wale tu wanaojenga kwa ajili ya majaribio.

Wakati mnajiandaa, mwambieni mtumiaji aandike make CFLAGS="-O2 -Wall -Wno-error". CFLAGS ya kwenye mstari wa amri inaishinda ya ndani ya Makefile, isipokuwa kama mmeandika override.

Ila msidhani kazi imeisha hapo. Debian 13 ina GCC 14, na GCC 14 imegeuza baadhi ya maonyo ya zamani kuwa makosa kamili, -Werror iwepo isiwepo: kuita fanksheni isiyotangazwa, kuchanganya namba kamili na pointa (anwani ya kumbukumbu), kupokezana pointa za aina zisizolingana. La kwanza ndilo la kutazama kwa makini. Fanksheni isiyotangazwa, kompaila za zamani zilidhani inarudisha int. Kama kweli inarudisha pointa, kwenye mashine ya biti 64 nusu ya anwani ilikatwa, na programu ilifanya kazi kwa bahati pale tu kumbukumbu ilipoangukia chini ya GB 2. Kiraka chake, kwa kawaida #include moja iliyosahauliwa, kiingie toleo imara bila mjadala. Kuna -fpermissive ya kuyarudisha makosa hayo kuwa maonyo; ni ya kumvusha mtumiaji leo, isiandikwe kwenye Makefile yenu.

SWALI: Kompaila inasema kigeu "huenda hakijapewa thamani". Nikiweka = 0 onyo linaondoka. Kuna ubaya gani kuirudisha hiyo kwenye toleo imara? Ni herufi chache tu.
Msomaji, Sakina, Arusha

JIBU: Ubaya unategemea sifuri ina maana gani kwako. Tuseme uzito unapewa thamani ndani ya switch yenye case KG na case PAUNI, kisha baada yake inakuja hifadhi(uzito). Kompaila inalalamika kwa sababu enum (aina yenye orodha ya majina, hapa vipimo) inaweza kubeba thamani isiyo mojawapo ya hizo mbili. Ukiweka = 0, siku kipimo cha tatu kikiingia, ghala litapokea magunia ya kilo sifuri na kitabu kitakubali. Kabla ya hapo ungepata takataka, ambayo angalau ingemshtua karani. Tena Valgrind, chombo cha kukagua matumizi ya kumbukumbu, ingeikamata, na sasa haina cha kukamata. Weka default inayorudisha kosa. Ukifanya hivyo -Wswitch itaacha kukukumbusha pale enum inapoongezewa jina, kwa hiyo washa -Wswitch-enum. Usitumie -1 kama alama ya "hakuna": mizani iliyotolewa uzito wa chombo inasoma chini ya sifuri kila kinapoinuliwa.

Kama umefuata njia zote na kuona kweli kigeu hupewa thamani kila mara, basi onyo ni la uongo na linaweza kubaki. -Wmaybe-uninitialized inajulikana kwa hilo. Hubadilika hata kwa kutoka -O2 kwenda -O3. Kwenye kerneli ya Linux ilizimwa mwaka 2020 kwa sababu hiyohiyo.

Kisa ambacho kila anayenyamazisha onyo la namna hii anapaswa kukijua ni cha OpenSSL (maktaba ya usimbaji fiche) ya Debian. Mwaka 2006 mistari miwili iliondolewa kwa sababu Valgrind na mwenzake Purify zililalamika kuhusu kumbukumbu isiyopewa thamani. Mmoja wa mistari hiyo ndio uliokuwa ukiingiza unasibu kwenye kitengeneza namba. Kilichobaki kutofautisha ufunguo mmoja na mwingine ni namba ya mchakato, ambayo kwa kawaida haikuzidi 32,768. Luciano Bello aligundua, na Mei 2008 Debian ikatangaza. Funguo za SSH na vyeti vilivyotengenezwa katika kipindi hicho vikabidi vitupwe. Majaribio yote yalikuwa yanapita muda wote huo, kwa kuwa ufunguo dhaifu unafungua na kufunga sawasawa na wenye nguvu.

SWALI: Maktaba yetu ya C++ inatoa onyo kwa kupeleka maandishi ya kudumu kwenye fanksheni inayopokea char *. Tubadilishe iwe const char * kwenye toleo imara?
Msomaji, Usa River

JIBU: Kwenye faili la heda (lenye matangazo ya fanksheni) la toleo imara, hapana. Kwa C++ aina ya kinachopokelewa ni sehemu ya jina la ndani: andika(char *) huitwa _Z6andikaPc, na ukiongeza const inakuwa _Z6andikaPKc. Programu zilizokompailiwa na .so (faili la maktaba) ya zamani zitagoma kwa "undefined symbol", ama zinapowaka ama zinapoiita fanksheni hiyo. Mkiihitaji mno, ongezeni ya const na muiache ya zamani iiite mpya. Kisha linganisheni nm -D --defined-only (orodha ya majina yaliyomo) ya .so mbili, na jina lolote lililokuwepo likikosekana, msitoe. Kwa C tupu jina halibadiliki, ila kama anwani ya fanksheni hiyo hupewa watumiaji kama pointa, aina mpya haitalingana na waliyoiandika wao, na kwenye GCC 14 hilo ni kosa la kukompaili kwao.